Ncha Mbili za Benchi: Kikao cha Kuamua Mnyororo wa Spini

KAMATI YA MAONYESHO YA SAYANSI, MASASI NA NEWALA

Tarehe: 22 Februari 2025
Mahali: Darasa la Kidato cha Pili, Chiungutwa
Waliohudhuria: Nd. Bwanali (Mwenyekiti, Newala), Bi. Agatha (Makamu, Masasi), Nd. Twahiru na Bi. Rose (Wajumbe), Erasto (Katibu)
Mwalikwa: Mwl. Veridiana, Fizikia
Hakuhudhuria: Nd. Dastani, kwa udhuru uleule

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:10 asubuhi, akiwa mwisho wa benchi, mlangoni. Makamu alikaa mwisho mwingine, dirishani. Hawajazungumza tangu Mwenyekiti alipokataa kumpa Makamu shikamoo, kwa madai kwamba wamezaliwa mwaka mmoja. Salamu zilipitishwa kwa wajumbe wa katikati.

KUMB. NA. 2/2025: MASAHIHISHO
Katika barua ya mwaliko, "mnyororo wa pini" usomeke "mnyororo wa spini". Nd. Twahiru, aliyekuja na paketi mbili za pini, alizirudisha mfukoni. Katibu aliomba radhi kwa kiasi.

KUMB. NA. 3/2025: KAZI YA WANAFUNZI
Mwl. Veridiana alieleza kwamba spini ni kama visumaku vidogo mno ndani ya atomu, na katika mnyororo kila moja huathiriana na jirani yake tu. Wanafunzi wake wamekokotoa kwamba za katikati zikishikana kwa nguvu, na za mwisho zikashikwa kwa ulegevu, ncha mbili hufungamana ingawa ziko mbali. Kila ncha peke yake haina msimamo. Ikipimwa, mwenzake hukutwa kinyume. Nd. Twahiru na Bi. Rose, katikati ya benchi, waliendelea kunong'onezana. Katibu alitazama ncha za benchi, akaendelea kuandika.

Mwalimu alikumbusha kwamba majina ya kazi zilizoteuliwa yanapelekwa mkoani leo saa sita, na wanafunzi hao ni wa Kidato cha Sita. "Mwaka ujao hawapo," alisema.

KUMB. NA. 4/2025: UAMUZI
Kanuni inataka Mwenyekiti na Makamu wakubaliane ndipo kazi ipelekwe mkoani. Ilikumbukwa kwamba hawajawahi. Mwenyekiti alisema ndiyo, Makamu akasema hapana. Kura iliporudiwa kwa kuanza na Makamu, yeye alisema ndiyo, na Mwenyekiti akagundua kasoro nyingi.

Mwl. Veridiana aliomba kila mmoja aulizwe swali lake. Alikiri kwamba hajui majibu yataangukia wapi, ila safari hii yatalingana.

"Mama Godfrey, kazi ipelekwe?" Mwalimu alimuuliza Makamu.

Makamu alijibu akitazama dirishani: "Ndiyo."

"Baba Zena, kazi ibaki?"

"Hapana," alijibu Mwenyekiti, swali halijaisha.

Katibu aliandika haraka kwamba wamekubaliana kazi ipelekwe.

KUMB. NA. 5/2025: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 5:40. Mwenyekiti, akiwa ameshaelewa ujanja wa maswali yale, alikataa kusaini. Makamu alimkonyeza Mwalimu, kisha akatuma neno kupitia Bi. Rose kwamba hata yeye haoni sababu ya hati hii kusainiwa. Mwenyekiti aliomba kalamu.

Bwanali (amesaini)
Mwenyekiti

Erasto (amesaini)
Katibu