Makofi ya Arcobaleno

Katy, Texas, Jumanne, Machi 2019

Njeri wangu bado anakosea neno lile lile. Arcobaleno, upinde wa mvua kwa Kiitaliano, maneno mawili yaliyounganishwa. Mwalimu wake wa uimbaji anataka mkazo kwenye "le". Njeri, mtoto wa Texas, anauweka mwanzoni kama Kiingereza.

Leo tukiwa kwenye taa nyekundu nikamwonyesha tulivyojifunza kwaya kule Nyeri: kila silabi kofi moja, yenye mkazo kofi zito. Nikapiga kwenye usukani. Ar-co-ba-LE-no.

"Mum, stop! People are looking."

Iliniuma. Ananijibu Kiingereza kila siku. Nahofia tutakosa hata lugha ya kugombana.

Sasa nasikia makofi bafuni. La nne zito, sawasawa.

"Mum, kuja uskie!"

Kiswahili! Wacha niende kabla hajabadilisha.