Nyumba ya Nyasi Atakakoolewa Namsifu

Toronto,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Eliakimu,

Shikamoo. Najua unaisoma hii ukiwa umekunja uso. Simu yangu umeikata mara mbili, nami kwa umri huu sikimbizani na mtu kwenye simu. Nimeandika, na barua haikatwi. Mgongo unaendeleaje? Wifi bado anakukanda? Mimi mzima, ila magoti yananilalamikia kwa kusimama kutwa kwenye chumba cha kufulia pale hotelini, na baridi ya huku mtaani kwetu Dixon imeanza kuchungulia.

Sasa tuje kwenye lililotukosanisha. Nilipokutumia picha ya kwao Tomu, mchumba wa Namsifu, ulisema, "Yaani mwanetu nimwozeshe kwenye nyumba ya nyasi, tena sherehe wafanyie zizini? Nenda ukaone kwa macho yako, ndipo nitatamka neno." Tangu baba yake afariki, neno la mwisho ni lako wewe mjomba wake, na mtoto amekataa kuvaa pete mpaka ulitamke. Basi nimekwenda, mimi na Namsifu. Nimerudi kutoka Uingereza juzi.

Nyumba ni ya nyasi kweli, sikufichi. Na watahamia huko moja kwa moja baada ya harusi, mimi nibaki hapa jirani na uwanja wa ndege na kelele zake. Lakini nisikilize.

Kuta ni mawe matupu, rangi ya asali, nene kiasi kwamba nilikaa dirishani juu ya ukuta wenyewe, na mwili wangu unaujua, bado ikabaki nafasi ya kikombe cha chai. Huku kwangu ghorofani jirani akipiga chafya namwitikia. Kule trekta linapita uani unaliona tu. Mlango wa mbele ndio mfupi. Siku ya kwanza nilijigonga paji la uso, mama yake Tomu akaja mbio na kitambaa cha maji baridi, anacheka huku anaomba radhi. Jiko lao la kuota moto limejengwa ndani ya ukuta, mtu mzima anaingia akakaa, na juu yake limelazwa gogo moja linalobeba mawe yote yale.

Paa sasa. Si zile nyasi za kukata bondeni ukarudi nazo kichwani. Ni mabua ya ngano, yameshindiliwa na kufungwa mpaka unene unakaribia urefu wa mkono wangu, na upenu umekatwa sawasawa kama nywele za mtoto anayepelekwa ubatizo. Limeinama sana, maji hayapati pa kukaa. Baba yake Tomu, mzee mkimya wa rika lako, alinipandisha darini. Akanieleza kwamba mafundi wakija hawabandui yote. Wanaondoa yaliyochoka juu, wanaongeza mapya. Ya chini kabisa ni meusi kwa moshi wa wazee ambao hata yeye hakuwahi kuwaona. Nikayanusa. Kaka, yalinuka jiko la mama. Sikuweza kushuka ngazi mpaka nilipojifuta macho.

Na hilo unaloliita zizi ni banda la kupuria ngano. Kenchi zinazobeba paa lake ni miti mizima iliyopinda, imeshikanishwa kwa vigingi vya mbao, msumari hakuna. Milango miwili mikubwa inatazamana. Nikamuuliza mzee, "Hii ni ya kuvuta upepo mkipepeta?"

"Ndiyo," akasema. "Ninyi nanyi mnapepeta?"

Nikamsimulia mama na ungo wake wa maharage, pale penye upepo kati ya nyumba yetu na jiko. Akakaa chini kabisa kusikiliza. Namsifu siku zote hunijibu Kiingereza, lakini pale alininong'oneza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, mwambie mjomba hii."

Ila mimi najua hukukataa kwa kudharau. Ulikataa kwa ajili ya nyumba ya baba, zile nyasi zilizooza, na masika yale uliyokuwa ukiamka kusogeza kitanda huku na huku, mimi na mdogo wetu tumelala juu yake. Asubuhi ulisinzia darasani ukachapwa. Ulidhani nimelala, kumbe nilikuwa macho. Ndiyo maana ulipopata tu uwezo ulimwezekea mama bati.

Basi siku moja mvua ilinyesha kutwa, ya upepo. Nikaingia chumba watakacholala, nikafunga mlango, nikakaa nasubiri tone. Nilipapasa pembe zote nne. Kavu. Chini ya bati mvua ile tusingesikilizana. Mle niliisikia kwa mbali, ikidondoka upenuni. Nikajilaza kidogo, usingizi ukanichukua mpaka wakaniita chai.

Nisalimie wifi na mikono yake ya dawa, mama mkubwa (mpigie kelele, sikio lake la kulia ndilo linalosikia), na binamu yetu seremala, umwambie habari ya vigingi. Mchungaji naye asisahau kutuombea.

Neno lako ndilo tunalolingoja, kaka. Kitanda cha Namsifu nimekiona kilipo. Hakuna atakayeamka kukisogeza.

Mdogo wako akupendaye,
Nakunda