Kushusha Mizigo ya Mashini

Jumatatu, 9/3
Nimefungua mashini yangu ya kompyuta, skrini nyeusi, nikapakia paketi zote za programu kama kila asubuhi. Kila moja na kazi yake: hesabu, ramani, mvua, mawingu, hata ile ya nyota. Majina yanashuka kama askari mu gwaride. Kabambare nzima hakuna mutu mwingine anayeamrisha mashini kwa kuandika tu. Masomo niliacha njiani, lakini mashini haiulizi diploma.
Riziki, mutoto wa dada yangu, amefika na moto, pikipiki yake, kutoka Lusangi. Amepima chemchemi zote za kule. Anataka ramani. Jumamosi wachimba visima wanapita. Kijiji kisicho na ramani wanakiruka. Na Lusangi wanakunywa matope ya wachimba dhahabu. Nimemwambia kesho iko tayari.

Jumanne, 10/3
Ramani inafika nusu, inakufa. Kila mara. Nimesema ni betri. Si betri.

Jumatano, 11/3
Riziki ameangalia mwenyewe. "Mujomba, memori imejaa. Paketi zote hizi za nini? Shusha."
"Mimi nishushe mizigo? Mimi niliyebeba ng'ombe juu ya moto mpaka Wamaza?"
"Mwaka jana huyo ng'ombe alikuwa mbuzi."
Nimekasirika. Sikula.

Alhamisi, 12/3
Nimeanza kushusha, peke yangu. Ya mvua imekataa. Skrini inasema kuna paketi ingine inaitumia. Nimeitukana. Nimeogopa pia. Jumamosi ni kesho kutwa.
Kisha nimewaza moto yangu. Gunia la chini halitoki kama la juu halijatoka. Nimeanzia jina la mwisho, nikirudi nyuma. Nyota kwanza. Imeniuma. Halafu mawingu, na hapo ya mvua ikaachia yenyewe. Zimebaki hesabu na ramani. Mashini ikapumua.
Ramani imetoka yote! Nimepiga kelele mpaka jirani akaja na panga.

Jumapili, 15/3
Jana wachimba visima walikuja. Waliweka kidole juu ya Lusangi, wakaandika. Hawakuahidi. Wamesema watarudi mvua ikipungua, njia ikikauka. Mutu hasemi hivyo kama hataki kurudi. Riziki aliwaambia fundi ni mimi. Ng'ombe hakumutaja.
Leo nimepakia mbili tu. Skrini iko wazi, nafasi tele. Nukta za chemchemi, moja moja. Nimezitazama mpaka chai imepoa.
Ya nyota nitaipakia siku ambayo hakuna anayeomba maji.