Neno Ambalo Kaka Yako Alidhani Halijaisha

Nyumba ya bluu, nyuma ya Posta,
Jumamosi jioni, tarehe 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu mchokozi,

Kabla ya lolote, pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Goti lako linaendeleaje tangu wakupasue? Unalikunja sasa, au bado unapanda ngazi kama mtu aliyebeba maji? Na mumeo, Mzee wa Koti, kile kikohozi kimemwachia? Watoto je, wanakula? Sisi huku hatujambo. Mguu wangu, ule wa kukanyagia cherehani, huvimba ikifika jioni, nauweka juu ya kigoda unashuka. Hayo ndiyo magonjwa yangu, mengine sina nafasi nayo.

Sasa kaa chini, wifi. Kama uko jikoni, zima jiko kwanza. Mwanangu ametoa kitabu. Naandika mwanangu kwa sababu leo ni wangu. Akikosea jambo ndipo huwa wa ukoo wenu.

Ni kitabu kweli, si makaratasi ya kubanwa na pini. Kina jalada la kijani linaloteleza, kina mgongo, na mgongoni kuna jina lake kwa herufi ambazo hata mimi nazisoma bila miwani. Kinaitwa Kinachonisumbua Kina Jina. Nimekiweka dukani juu ya meza ya kukatia vitambaa, mahali ambapo mteja hawezi kupimwa kiuno bila kukiona. Asipouliza, nakisogeza kidogo. Asipouliza tena, nakiangusha.

Unajua yeye ni mshauri wa wanafunzi pale shuleni kwao. Basi watoto wa watu wanaingia ofisini kwake, wanakaa, akiwauliza wanajisikiaje jibu ni moja: vibaya tu. Aliyefiwa, vibaya tu. Aliyechekwa na wenzake, vibaya tu. Aliyeachwa na mchumba waliyejuana naye juzi, naye vibaya tu. Akaona, nitamsaidiaje mtu asiyejua kinachomuuma kinaitwaje? Ndipo akaanza kuokota maneno. Si ya kutunga, ni haya haya yetu ambayo tumeyafungia kabatini kama vyombo vya wageni. Soni ile ya aibu, fadhaa, jitimai ile ya huzuni nzito, kimuyemuye cha moyo usiotulia. Kila neno amelipa ukurasa wake, ameeleza linavyokaa mwilini, linaanzia tumboni au linabana kifuani, na mtu afanye nini likimshika.

Mimi niliyeishia shule ya msingi nimekisoma chote. Nilipokwama nilirudia, na nilipokwama tena nilimwita mwenyewe aje anieleze, maana wangapi wanaishi nyumba moja na mwandishi? Kuna ukurasa wa kiherehere, anasema aliuandika akinitazama mimi. Sikukasirika. Ndio ukurasa mrefu kuliko yote.

Tena kinafanya kazi. Wiki iliyopita alikuja dukani jirani yetu Mama Redio, yule asiyezimika.

"Nimemkasirikia mume wangu, usiniulize," akasema hata hajaketi.

"Hasira, hamaki au kinyongo?" nikamuuliza, nikafungua kitabu.

"Kwani kuna tofauti?"

"Hamaki inawaka halafu inazimika. Kinyongo unakiweka ndani, unakilisha."

Akafikiri, akichezea pakiti yangu ya sindano. "Basi changu kimenenepa. Ndiyo maana hata hili gauni halinitoshi."

Tulicheka mpaka uzi ukakatika. Lakini alipotoka aliniambia anakwenda kumweleza mumewe kinyongo chenyewe kilianzia wapi. Mama Redio kwenda kueleza jambo moja likaisha, wifi, hiyo ni habari ya kutangazwa.

Na sasa nije kwenye neno hilo hilo, kwa sababu ndilo uliloniandikia. Ulisema kaka yako ana kinyongo nawe kwa kuwa hukuja kumzika mama. Unapiga simu hapokei, unatuma ujumbe hajibu. Ukaniomba nikuambie ukweli hata kama utakuuma. Wifi, ukweli ninao, na haukuumi. Nimekaa nao wiki tatu, mikono inaniwasha kukuandikia, nikingoja kitabu kitoke niutume pamoja nacho.

Kazi ya kaka yako unaijua, kusoma prufu, zile kurasa za majaribio, pale kiwandani kwa wapiga chapa. Hakuna koma inayompita. Kitabu cha mtoto kilipopelekwa huko huko, akasema atakisoma yeye, mtu mwingine asikiguse. Nilifurahi, maana tangu msiba amekuwa mtu wa kwenda na kurudi tu. Utani wake wote umekauka. Ukimuuliza una nini, anasema nimechoka. Hospitali walimpima presha, wakampima sukari, wakampima damu, hawakuona kitu. Akarudi nyumbani na lile lile, nimechoka.

Basi Alhamisi moja, wiki tatu zilizopita, kaka yako kaja na prufu zenye masahihisho yake, mtoto anazipitia hapa mezani, mimi napiga pasi. Akafika ukurasa mmoja, akasimama. Pale juu, penye kichwa, mtoto alikuwa ameandika neno moja kwa herufi kubwa, UKIWA. Ule ukiwa wa mtu kubaki kama nyumba iliyohamwa. Kaka yako, pamoja na utaalamu wake wote, aliliona akadhani ni sentensi iliyokatika. Ukiwa nini? Ukiwa wapi? Akachukua kalamu yake nyekundu, akaimalizia.

"Baba, hapa umeongeza maneno," mtoto akamwambia.

"Uliiacha inaning'inia," akajibu, macho kwenye gazeti. "Ukiwa, halafu basi. Msomaji akungoje mpaka lini?"

"Imeisha, baba. Ni ukiwa. Kama huzuni, kama upweke."

Nilitaka kucheka, nikajificha nyuma ya shati. Mtu anayenisahihisha mpaka ninavyoita wateja, leo kashindwa na neno la herufi tano. Yeye mwenyewe akacheka kidogo kwa pua. "Jicho limepitiwa. Nipe nifute."

Mtoto hakumpa. Hapo ndipo nilipojua nimezaa. Ningekuwa mimi ningempa, tena na maneno mawili ya kumkoga. Yeye akamuuliza taratibu, kama anavyowauliza watoto wa watu ofisini.

"Ungeweza kujaza chochote, baba. Ukiwa safarini. Ukiwa na njaa. Mbona umeandika Ukiwa Peke Yako?"

Nikaisimamisha pasi. Kaka yako akaitazama ile karatasi. Nilidhani atainuka aingie chumbani, ndiyo desturi yake siku hizi. Hakuinuka. Akavua miwani, akaishika.

"Kwa sababu ndivyo nilivyo," akasema.

Mimi nipo hapa, mke wake, na pasi mkononi. Nilitaka kusema kitu, mtoto akanionya kwa jicho. Nikanyamaza, na wewe unanijua, kunyamaza si fani yangu.

Akazungumza. Akasema tangu mama aondoke, akikumbuka jambo la utotoni hana wa kumwambia akalijua. Jina mlilompa yule mbuzi mkorofi, mama alivyokuwa akiimba vibaya makusudi ili muamke. Sisi tukisikia tunacheka kwa adabu, hatukuwepo. Aliyekuwepo ni wewe. Mtoto akamuuliza, mbona basi hapokei simu za shangazi?

"Ana sauti ya mama," akasema. "Siku ya msiba nilipokea. Akasema haloo, nikasikia mama mtupu. Alipokata, nikawa kama nimemzika mara ya pili siku hiyo hiyo. Sasa naona jina lake kwenye simu, mkono unakwenda, halafu unarudi."

Nikashindwa kujizuia, nikamwambia wewe unadhani amekukasirikia kwa kutokuja. Akashangaa kweli, wifi, si kwa kuigiza. Akasema, "Alikuwa kitandani na goti limefunguliwa. Angekuja kwa mbawa?"

Ndio ukweli wenyewe. Si kinyongo, hakijawahi kuwepo. Barua yako yote ilikuwa inaomba msamaha kwa kosa ambalo huku hakuna anayelijua. Nakutumia nakala ya kitabu ndani ya bahasha hii. Fungua ukurasa wa majuto kwanza, ndio wako, halafu uje kwenye ule wa kaka yako.

Utaona ukurasa huo unasema ukiwa haupungui kwa kufunga mlango. Unasema mtafute mtu aliyemjua uliyempoteza, mtajeni kwa jina, mzungumze hata mambo yake ya kuchekesha. Mtoto hakumhubiria baba yake. Alimsogezea tu karatasi. Akaisoma yote mpaka chini, akairudia, mara hii bila kalamu, akasema, "Huyo ni dada."

Kichwa cha ukurasa kimebaki UKIWA, ila mstari wa kwanza chini yake sasa unaanza na maneno yake yale yale, Ukiwa Peke Yako, kwa ruhusa yake. Jana kaanza kujiita mwandishi mwenza. Leo asubuhi kaniuliza kama chai ile nimeitia majani au nimeyapitisha juu tu. Nilimwaga machozi kwenye birika, wifi. Utani umerudi.

Kitabu kilizinduliwa leo mchana ukumbini pale shuleni. Nilivaa lile gauni la zambarau nililolishona mwenyewe, mikono mipana, nikakaa mbele kabisa. Mkuu wa shule aliposema tungependa kumwona mama wa mwandishi asimame, nilikuwa nimeshasimama zamani. Watoto walipanga foleni kusainiwa vitabu vyao. Msichana mmoja alinong'ona na mwanangu muda mrefu, akaondoka amekumbatia chake kama mtu aliyebeba yai. Sikuuliza walisema nini. Nilitaka kuuliza, lakini sikuuliza.

Nisalimie Mzee wa Koti na kikohozi chake, na watoto wote mmoja mmoja, hasa yule kitinda mimba wako anayefanana nami kwa maneno mengi. Mama Redio anakusalimu, tena kwa sauti, nadhani umeshamsikia. Mwanangu anasema shangazi akimaliza kusoma amwandikie lipi limemgusa.

Mungu alinyooshe goti lako, akuwekee chakula mezani na vicheko nyumbani, na siku moja atuketishe wote kwenye sebule moja.

Kaka yako yuko nyuma yangu hapa, anaziwinda koma zangu. Ameomba nimwachie nafasi chini, nami namwachia, ingawa karatasi ni yangu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata unaponuna,
Mama Mwandishi.

Dada,
Nipigie kesho mchana. Nikinyamaza usikate. Nitakuwa nasikiliza.
Kaka yako.