Bastola Nzito kwa Mkono Mdogo

Mjukuu wangu Njeri,

Mama yako ameniambia asubuhi hii kwamba kwenye duka la silaha walikuchagulia bastola ndogo, nyepesi, na kwamba baada ya kupiga risasi chache, mkono ukiumizwa na teke lake inaporuka nyuma, unataka kuacha mafunzo ya kulenga shabaha. Hapa Saint Louis Park tu wazima, na theluji imeanza kuyeyuka.

Nilipokuwa ripota kijana Nakuru, nilimwona kuruta wa polisi, Achieng, akifumba macho kila alipofyatua. Angekosa shabaha tena, angerudishwa nyumbani. Koplo aliyewafundisha makuruta hakumfokea. Alimpa bastola nzito ya mtutu mrefu, yenye risasi ndogo za .22.

"Afande, hili si jiwe la kusagia?" Achieng akauliza.

"Ndilo. Uzito ndio unaomeza teke. Ile nyepesi ilikuwa inakuachia teke lote mkononi."

Achieng alifyatua macho yakiwa wazi, akapata shabaha. Baadaye akaimudu hata bastola ya kawaida ya polisi. Bado namstahi koplo yule: alibadilisha silaha, hakumlaumu mwanafunzi.

Ukifika Jumamosi kutoka Chicago, mama yako atatupeleka Maple Grove kwenye ukumbi wa kulenga shabaha. Tumekukodishia .22 nzito kuanzia saa nne asubuhi. Nitakaa nyuma yako, masikio nimeyaziba.

Nyanya yako