Chai ya Sakina kabla ya mechi

Dada Oresta,

Hujambo huko mgodini? Baridi ya Arusha ni kali, Mlima Meru umejifunika mawingu tangu jana, na usingizi umenikataa. Mechi ni leo saa kumi. Tukifungwa tunashuka daraja, na mgodi umesema hautatudhamini tena. Timu itakufa, tutabaki kuchimba makaa tu.

Asubuhi niliingia mgahawani hapa mtaa wa Sakina, chapati ikagoma kushuka. Mama mwenye mgahawa akauliza, "Mbona huli, baba?" Nikamwambia mimi ndiye kipa wa wageni, na ninaogopa. Akavuta kiti, akakaa.

"Kipa wa timu ya hapa ni mwanangu," akasema. "Naye tangu jana hagusi chakula."

Akanimiminia chai nyingine, akanisimamia mpaka nikamaliza sahani.

Kadi hii ikifika mtakuwa mmeshayajua matokeo. Kama tumefungwa, mwambie Baba nilijitahidi. Kama tumeshinda, mwombee yule kijana. Mama yake ni mtu mwema.

Nawakumbuka wote.
Mdogo wako, Osmund