Kamera Kwenye Mkutano wa Wanawake, Balangdalalu

Jumanne, 9 Agosti 2005

Tumefika nyumbani, mimi na Xavery mpiga picha. Vumbi mpaka kwenye meno! Kaka Basili ametupokea vizuri, amebeba mizigo mwenyewe. Mkewe Rogathe hakutoka. Kaka anasema ana homa, na mtoto bado mchanga.

Joakimu, bosi wetu wa televisheni kule Dar, anataka dakika tano: wanawake wa Kibarabaig, sketi za ngozi, ngoma, basi. Mimi nataka mkutano wao. Mwanamume haruhusiwi hata kupita karibu. Aliyemkosea mwanamke wanamhukumu, analipa dume jeusi la ng'ombe. Hayo nayajua. Lakini wanaanzaje? Nani anasema kwanza? Wanacheka? Nilipelekwa bweni kwa masista nikiwa mdogo, sijawahi kuwasikia.

Miaka sita nimebeba nyaya na maiki za wenzangu. Hiki ndicho kipindi changu cha kwanza kuongoza.

Jumatano, 10 Agosti

Asubuhi kwa shangazi. Ndiye anayewaita wanawake mkutanoni. Alipokea shikamoo, akaningoja nimalize maziwa. Nikaomba.

Akauliza picha ataiona nani. Watu wa Dar, nikasema, Arusha, hata Mbulu. Na wanaume? Na wanaume. Akafikiri. Nikamgeuzia kioo kidogo cha kamera, ajione. Akapeleka shingo kulia, kushoto.

"Huyu ni mzee kuliko mimi," akasema.

Tulicheka mpaka mbuzi wakakimbia!

Amekubali — ila niende peke yangu, Xavery abaki. Nikauliza kesi ni ya nani. Nitasikia pamoja na wenzangu, amesema.

Xavery hakukasirika. Amesafisha lenzi, akaniwekea kamera begani. Usikimbilie uso, kaniambia, pumua taratibu.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimepanda kilimani kutafuta mtandao. Joakimu anasema mambo ya wanawake kuhukumu nani atayaangalia? Nikamwambia: mimi. Simu ikakatika. Sijui ni yeye au ni mtandao.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimerudi kutoka mkutanoni.

Wanaanza kwa wimbo! Wa chini, wa kuomba, hakuna anayeongoza — au wote wanaongoza. Nilikuwa nimejaa furaha, napiga picha za fimbo, miguu, bangili. Ndipo akasimama mwenye kesi.

Rogathe. Mtoto mgongoni.

Hakuwa na homa. Basili alimpiga akiwa bado ndani, siku za uzazi, kwa sababu alikataa kuwapa wageni wake maziwa ya mtoto. Kaka yangu! Alisema polepole, bila kulia. Jicho lake la kushoto bado limevimba. Kamera ilikuwa begani kwangu na sikuishusha. Kwa nini sikuishusha? Najiuliza mpaka sasa. Nilitaka kujua atasema nini baadaye — hiyo ndiyo kweli.

Shangazi alinifuata tulipopumzika.

"Ungejua ni Basili, ungekuja?"

"Sijui, shangazi."

"Na kwangu mimi ni mtoto wa kaka yangu," akasema, akarudi kukaa.

Wameamua. Dume jeusi, kesho.

Sasa niko ndani kwa mama, ninakolala. Basili alikuja mlangoni kabla sijavua viatu. "Judith, nipe hiyo kanda. Wanangu watakuja kuiona." Nikasema hapana. Sauti ilitoka ndogo sana. Hajaondoka. Amekaa nje, anachora chini kwa fimbo. Xavery ameuliza tuondoke usiku huu?

Rogathe amepita mlango wa nyuma. Nilidhani naye anataka niifute. Anauliza kama sauti yake imeingia vizuri. Hajawahi kujisikia.

Nikampa vile vya kuvaa masikioni. Amevigeuzageuza, amevirudisha.

"Fungua sauti, isikike mpaka nje," amesema.

Kanda bado inarudi nyuma. Basili amesimama mlangoni, hajaingia.